Shajara ya mradi: sentensi za “choose” kwa kidato cha kwanza na cha pili

Januari, wiki ya kufungua shule

Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hukutana na kitenzi “choose” (kuchagua) mapema sana, na karibu kila mara hukutana nacho katika umbo moja tu, yaani amri ya mtihani. Sehemu ya kwanza ya mitihani mingi, kuanzia majaribio ya darasani hadi Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili na mtihani wa kidato cha nne, humwambia “choose the correct answer from among the given alternatives”, naye huitika kwa kuandika herufi moja. Huitii amri hiyo kwa miaka minne bila kulazimika hata siku moja kuandika sentensi ambayo ndani yake yeye mwenyewe ndiye anayechagua. Matokeo yake huonekana anapoulizwa kwa nini amependa somo fulani: kitenzi anakifahamu, maana yake anaijua, lakini sentensi haitoki.

Kwa sababu hiyo sisi walimu wa Kiingereza wa shule hii ya kata, iliyo pembezoni mwa mji wa Tanga, tumekubaliana kutumia muhula wa kwanza kuandaa kijitabu kidogo cha sentensi kinachohusu kitenzi hiki kimoja. Wenzetu wa masomo mengine wameuliza kwa nini tujifunge kwa kitenzi kimoja wakati wanafunzi wanahitaji mamia ya vitenzi ili waweze kufuata Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wetu wametoka katika shule za msingi za serikali ambako masomo yote, isipokuwa Kiingereza chenyewe, hufundishwa kwa Kiswahili, na pengo wanalolivuka wakiingia kidato cha kwanza ni pana mno. Jibu letu ni kwamba orodha ya maneno na maana zake tayari wanayo katika madaftari yao. Wanachokikosa ni uzoefu wa kukichukua kitenzi kimoja na kukipitisha katika nyakati zote, katika ukanushi, katika kauli ya kutendwa na katika kila mpangilio kinachoukubali, mpaka waweze kukitumia bila kugeukia daftari.

Tumeweka masharti machache ya sentensi zitakazoingia. Kila sentensi iwe ya kweli kwa mtu fulani aliyeketi darasani, anayechagua atajwe wazi, na kinachochaguliwa kiwe kitu ambacho mwanafunzi amewahi kukichagua au kukikosa. Sentensi za wavulana wa kufikirika wanaochagua matufaha, ambazo zimejaa katika vitabu vya mazoezi tulivyorithi, zitaachwa.

Mwisho wa Januari

Hatua ya kwanza ilikuwa kukusanya malighafi, na tuliamua kuikusanya kwa Kiswahili. Kila mwanafunzi aliombwa aandike mambo machache kuhusu kuchagua katika maisha yake: alichokichagua, alichochaguliwa, na anachotamani kukichagua lakini hajapata nafasi. Karatasi zilirudi zikiwa na utajiri ambao zoezi la kujaza nafasi lisingeweza kuuleta kamwe. Wapo walioandika kuhusu timu, wapo walioandika kuhusu kitambaa cha sare, kiti cha kukalia darasani, rafiki wa kusoma naye, uchaguzi wa monita, na wapo wengi walioandika kuhusu kaka na dada zao wa kidato cha nne wanaojaza tahasusi, yaani michepuo ya masomo, za kidato cha tano.

Katika kuzisoma karatasi hizo tumekuta jambo ambalo limebadilisha mpangilio wa kijitabu kizima. Mwanafunzi mmoja aliandika “Nilichaguliwa kuwa monita” na mwingine akaandika “Nilichaguliwa shule na mjomba”. Kitenzi ni kile kile kwa sura, lakini njia zilizokifikisha hapo ni mbili. Katika sentensi ya kwanza “chaguliwa” inatoka moja kwa moja katika “chagua”, na anayesema ndiye aliyechaguliwa. Katika sentensi ya pili inatoka katika “chagulia”, kauli ya kutendea, na kilichochaguliwa ni shule, kwa ajili ya anayesema. Kiswahili huzikutanisha kauli hizo mbili katika umbo moja na msikilizaji hapati taabu yoyote, kwa kuwa neno “shule” linalofuata humwongoza.

Kiingereza hakina umbo kama hilo. Sentensi ya monita inakuwa “I was chosen as class monitor” au “I was chosen to be class monitor”. Sentensi ya mjomba haiwezi kuanza kwa “I was chosen”, kwa maana mwanafunzi akiandika “I was chosen school by my uncle”, kama alivyoandika kweli tulipomwomba ajaribu, Mwingereza atabaki akijiuliza ni nani aliyechaguliwa na kwa kazi gani. Njia iliyo salama ni kumrudisha mjomba mwanzoni mwa sentensi: “My uncle chose a school for me”. Tumeamua kwamba jozi hii ya sentensi ndiyo itakayofungua kijitabu, mbele ya jedwali la nyakati ambalo kwa kawaida hutangulia, kwa sababu inamfundisha mwanafunzi tangu ukurasa wa kwanza kujiuliza ni nani anayechagua, ni nini kinachochaguliwa, na ni kwa ajili ya nani.

Februari

Mwezi huu umekuwa wa maumbo. Kitenzi cha Kiswahili hakibadiliki mzizi wake kwa sababu ya wakati: ninachagua, nilichagua, nimechagua, nitachagua, mzizi “chagu” unabaki pale pale na kazi yote inafanywa na viambishi vilivyo mbele yake. Kitenzi “choose” hubadilika ndani kabisa, katika irabu yake, na mwanafunzi aliyezoea kuuona wakati mbele ya mzizi huutafuta mahali ambapo haupo. Ndiyo sababu huandika “choosed”, akiongeza alama ya wakati uliopita nyuma ya kitenzi kama alivyofundishwa kwa “walk” na “play”. Katika kosa hilo kuna kanuni iliyotumiwa vizuri mahali pasipostahili, na mwalimu anayelifuta kwa wino mwekundu bila kuitambua kanuni hiyo anamwacha mwanafunzi bila kujua ashike lipi.

Maumbo yenyewe ni matatu: “choose”, “chose” na “chosen”. Tumeyapanga pamoja na jamaa zake ambao wanafunzi wamekwisha kukutana nao, kama “freeze, froze, frozen”, “speak, spoke, spoken” na “break, broke, broken”, ili sikio lizoee kwamba wakati uliopita katika kundi hili huja na sauti ya “ou”, na kwamba umbo la tatu hubeba sauti hiyo hiyo na kuongeza “n” mwishoni. Darasani tunayasema kwa sauti kabla ya kuyaandika. “Choose” ina “u” ndefu, “chose” ina “ou”, na zote mbili humalizikia kwa “z” ingawa zimeandikwa kwa “s”. Tahajia ndiyo inayowachanganya zaidi, kwa kuwa “choose” ina “o” mbili lakini “lose”, ambayo kwa sauti hufanana nayo isipokuwa konsonanti ya mwanzo, ina “o” moja, na “loose” yenye “o” mbili humalizikia kwa “s” halisi. Hatukuona faida ya kuificha hitilafu hii. Tumeiandika wazi, mistari mitatu imepangwa chini kwa chini, na mwanafunzi anaombwa aisome kwa sauti.

Mwalimu mwenzangu wa Historia alipoiona rasimu aliniletea jambo linalofaa kuwasimulia wanafunzi, nalo ni kwamba hata wenye lugha hawakukubaliana mapema juu ya kuliandika neno hili. Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 inasema kwamba Baraza la Wawakilishi “shall chuse their Speaker”, kwa “u” moja na bila “o”. Wanafunzi wetu walifurahi kujua kwamba tahajia inayowasumbua iliwahi kuwa na sura nyingine katika hati nzito kiasi hicho, na mimi niliona kwamba furaha hiyo iliwasaidia kuikumbuka sura ya sasa.

Ukanushi umechukua muda kuliko tulivyotazamia, na umestahili. “Sikuchagua” inakuwa “I did not choose”, ambapo wakati uliopita umekaa juu ya “did” na kitenzi chenyewe kimerudi katika umbo lake la kwanza. Mwanafunzi anayeandika “I did not chose” anaweka wakati uliopita mara mbili, na maelezo yaliyowaingia haraka zaidi ni kumwonyesha kwamba hata Kiswahili huuweka mara moja tu: katika “sikuchagua” alama ya wakati ni “ku”, ile “li” ya “nilichagua” imeondoka, na hakuna anayesema “sikulichagua” akikusudia wakati peke yake. Wanafunzi wenyewe walitambua kwamba “sikulichagua” ipo, ila “li” yake inasimama badala ya jina, kwa mfano daftari au somo. Majadiliano hayo yalitoka nje ya Kiingereza kwa muda, na sioni sababu ya kuyajutia.

Machi

Sasa tumefika katika mipangilio ya sentensi, sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo itakayochukua kurasa nyingi zaidi.

Mpangilio ulio rahisi ni kitenzi kufuatwa na jina la kilichochaguliwa: “She chose History”. Unaofuata hutaja yale yaliyokuwapo kabla ya kuchagua: “She chose from five subjects”, au “She had to choose between History and Physics”. Tofauti ya mipangilio hii ni kubwa katika maana, kwa sababu wa kwanza hutaja matokeo na wa pili hutaja uwanja wa kuchagulia, na sentensi iliyokamilika inaweza kubeba vyote: “She chose History from the subjects on the list”. Wanafunzi wanaoandika “I choose between History” wanatumia kihusishi cha uwanja kutajia matokeo, na hawalioni kosa mpaka waulizwe: kati ya Historia na nini?

Kiswahili hutumia “kati ya” pale ambapo Kiingereza hutenganisha “between” na “among”. Tunachagua kati ya Simba na Yanga, na tunachagua kati ya wagombea wengi, bila kubadili neno. Katika Kiingereza “between” hupendelewa pale vitu vinapotajwa kimoja kimoja, hasa vikiwa viwili, na “among” au “from” pale vinapotazamwa kama kundi. Tumeandika “Many people in our street choose between Simba and Yanga before they can read”, sentensi ambayo hakuna mwanafunzi aliyeikana. Karibu nayo tumeweka “We chose one captain from among the players”, na hapa ndipo tulipoirudia amri ya mtihani na kuifungua. “From among” inaeleza kwamba jibu moja linatolewa ndani ya kundi la majibu yaliyopo, na kwamba hakuna jibu litakalotoka nje ya kundi hilo. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alisema, “Mwalimu, kumbe siku zote nilikuwa naisoma kama neno moja.” Amri aliyoitii kwa muda wote huo sasa ilikuwa na viungo anavyoweza kuvitenganisha na kuvitumia katika sentensi zake.

Mpangilio wa tatu ni kitenzi kufuatwa na “to” na kitenzi kingine. Kiswahili kina njia hiyo hiyo, kwani “alichagua kusoma” hubeba “ku” mahali pale pale palipo na “to”. Mfano mashuhuri kuliko yote tunaoujua ni hotuba ya Rais John F. Kennedy wa Marekani katika uwanja wa Rice University mjini Houston, tarehe 12 Septemba 1962, aliposema “We choose to go to the moon”, na akaendelea kueleza kwamba wanachagua mambo hayo “not because they are easy, but because they are hard”. Miaka saba baadaye, Julai 1969, watu walitua mwezini. Tumeuweka mfano huo kwa sababu ya muundo wake: anayechagua yupo, tendo lililochaguliwa lipo, na sababu ipo, tena sababu mbili, moja ikikataliwa na nyingine ikikubaliwa. Mwanafunzi anaweza kuuchukua muundo huo mzima na kuujaza maisha yake. Sentensi iliyotoka darasani, ambayo imeingia kitabuni kama ilivyo, ni hii: “I choose to walk to school, not because it is near, but because the daladala leaves students behind.” Yeyote anayejua nauli ya wanafunzi na namna makondakta wanavyoitazama ataielewa sentensi hiyo bila maelezo.

Katika mpangilio huu huu ndimo ilimo tofauti ninayoiona kuwa ya thamani kubwa kuliko zote tulizokusanya. “I did not choose to take part” na “I chose not to take part” huonekana kwa haraka kama sentensi moja. Ya kwanza ni “sikuchagua kushiriki”, maneno ya mtu ambaye huenda alishiriki, kwa kuwa jina lake liliwekwa na mwingine katika orodha ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Ya pili ni “nilichagua kutoshiriki”, maneno ya mtu aliyepima na akakataa. Kiswahili kina “kuto” kwa kazi hiyo na Kiingereza kina “not to”, na kila mahali pa kukanushia pana mzigo wake. Tumewapa wanafunzi hali mbalimbali na kuwaomba wachague sentensi inayofaa kila hali, na mazungumzo yaliyozuka yalikuwa ya watu wanaojadili maisha yao wenyewe. Msichana mmoja alisema kuhusu dada yake: “She did not choose to leave school.” Hakuna mwalimu aliyesahihisha neno lolote katika sentensi hiyo, kwa kuwa hapakuwa na la kusahihisha, wala haikuwa lazima kuongeza chochote.

Mipangilio iliyobaki tumeipitia kwa haraka. “Choose what to wear”, “choose where to sit” na “choose whether to go or stay” hufuata njia ambayo wanafunzi huielewa mara moja wakionyeshwa mfano mmoja au miwili.

Aprili

Neno “kuchagua” la Kiswahili ni pana, na tafsiri yake katika Kiingereza hugawanyika kulingana na mazingira. Wananchi wanapomchagua mbunge, Kiingereza husema “elect”. Wizara inapotoa majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano, husema “selected”. Mtoto anapochagua embe sokoni kwa mkono wake, “pick” inafaa. “Choose” huweza kusimama mahali pengi kati ya hapo, lakini mwanafunzi anayeandika “The people of Tanzania choose the president” atakuwa ameeleweka bila kuwa ameandika kama gazeti linavyoandika. Kwa upande wa “kuteua” tumetumia mfano wa Katiba ya nchi yetu: Rais huchaguliwa na wananchi, kwa hiyo “is elected”, na Waziri Mkuu huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge, kwa hiyo “is appointed”.

“Decide” ilihitaji uangalifu. Kuamua ni kuumaliza mashaka, na kuchagua ni kuchukua kimoja na kuacha vingine. “I decided to study hard” haihitaji kuwa na jambo la pili lililoachwa, lakini “I chose to study hard” humwachia msikilizaji swali la ni nini kilichoachwa. Nimeona kwamba swali hilo, “uliacha nini?”, ndilo kipimo bora ambacho mwanafunzi anaweza kukibeba. Kama anaweza kulijibu, basi “choose” imekaa mahali pake.

Kisha kuna nomino. Wanafunzi wengi huandika “I made a choose”, kwa sababu “choice” haifanani vya kutosha na kitenzi chake. Historia ya maneno haya inaeleza jambo hilo vizuri. Kitenzi “choose” kimetoka katika Kiingereza cha kale, ambako kilikuwa “ceosan”. “Choice” iliingia Uingereza kutoka Kifaransa cha kale, ambacho nacho kilikuwa kimelipokea neno hilo kutoka lugha za Kigermaniki, familia ambayo Kiingereza chenyewe kimo. Mzizi ni mmoja, ila mmoja wa ndugu alibaki nyumbani na mwingine akarudi kupitia Ufaransa akiwa na mavazi mengine. Wataalamu wa lugha huunganisha mzizi huo na maana ya kuonja, ule ule uliotoa katika Kilatini neno la ladha, na tumeiweka habari hiyo katika kisanduku kidogo cha pembeni kwa wanafunzi wenye hamu.

Pamoja na “choice” tumefundisha “I have no choice but to go”, ambayo Kiswahili huisema kwa maneno matatu tu, “sina budi kwenda”. Wanafunzi walishangazwa na urefu wa Kiingereza hapa, nami nilifurahi kuwaona wakiipima lugha yao kwa haki. Na kwa kuwa tuko katika nchi ya minazi, “choosy” imefundishwa kwa methali yetu: mchagua nazi hupata koroma. Tuliwapa kazi ya kuieleza kwa Kiingereza, na maelezo yao yametofautiana sana. Tumekubali kuchapa zaidi ya moja, kwa sababu “A choosy person ends up with an unripe coconut” ni sahihi kama ilivyo sahihi ile ndefu inayoeleza ni kwa nini.

Mei

Rasimu imejaribiwa katika mikondo yote ya kidato cha kwanza na cha pili. Ninaandika hapa yale yatakayobadilisha kijitabu.

Tatizo kubwa lililobaki liko katika hali timilifu, na chanzo chake kiko wazi kabisa. Neno “amenichagua” ni neno moja, na limebeba mtenda, hali, mtendwa na tendo. Kulihamishia katika Kiingereza kunahitaji maneno manne: “She has chosen me”. Mwanafunzi huandika “She chosen me”, akiacha “has”, kwa sababu katika Kiswahili ile “me” ya hali timilifu haisimami peke yake na hajazoea kuitafutia neno lake. Wengine huandika “She has choose me”, yaani wameiona “has” lakini wameuacha mzizi bila kubadilika, kama ambavyo ungebaki katika Kiswahili. Aidha, “a” ya mwanzo haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza hudai kujua, kwa hiyo “he” na “she” hutumika kwa kubahatisha mpaka mwanafunzi akumbushwe kumfikiria mtu halisi.

Tumetengeneza ukurasa mpya kwa ajili ya jambo hili peke yake. Neno “amenichagua” limekatwa vipande, a, me, ni, chagua, na chini ya kila kipande limewekwa neno lake la Kiingereza, kisha mishale inaonyesha namna “ni” inavyohama kutoka mbele ya mzizi na kwenda kukaa mwisho kabisa kama “me”. Kwamba “me” ya Kiingereza ni mtu na “me” ya Kiswahili ni hali ni sadfa inayoweza kuwapoteza wanafunzi, hivyo vipande vimepewa rangi tofauti. Baada ya ukurasa huo wanafunzi walipewa “wametuchagua”, “umemchagua” na “nimekuchagua”, na wengi waliweza kuvipanga wenyewe. Mwalimu wa Kiswahili aliomba nakala ya ukurasa huo kwa ajili ya kipindi chake cha viambishi, jambo ambalo nimelipokea kama sifa kwa kazi ya kikundi.

Kauli ya kutendwa, kwa upande mwingine, imekuwa rahisi kuliko tulivyohofu. Walioanza na jozi ya monita na mjomba hawakuisahau, na “I was chosen” iliandikwa kwa usahihi na wengi.

Jambo la mwisho la mwezi huu linahusu mazoezi ya kujipima. Mmoja wetu alipendekeza yawe ya kuchagua herufi, kwa kuwa husahihishwa haraka na madarasa yetu ni makubwa. Hoja ya wingi wa wanafunzi ni ya kweli na kila mwalimu anaijua kwa mgongo wake. Hata hivyo tumekataa, kwa sababu zoezi la namna hiyo lingemrudisha mwanafunzi katika hali ile ile ambayo mradi huu umekusudia kumtoa. Kila sura itaishia kwa mwanafunzi kuandika sentensi zake chache, na wanafunzi watabadilishana madaftari na kuulizana maswali matatu: nani anachagua, kinachaguliwa nini, na kimeachwa nini. Mwalimu atapitia baadhi tu.

Juni, kabla ya likizo

Maandishi yamekamilika. Kijitabu kinaanza na jozi ya “nilichaguliwa”, kinaendelea na maumbo, ukanushi, mipangilio, jamaa za kitenzi, na ukurasa wa “amenichagua”, na kinaishia kwa sehemu ya tahasusi ambayo tuliiongeza kwa ombi la mwalimu wa taaluma. Humo wanafunzi wa kidato cha nne wameandika kwa ajili ya wadogo zao ni tahasusi gani wamejaza na kwa nini. “I chose HGL because I want to study law, although my father would choose PCB for me” ni mojawapo (HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza; PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia), na ndani yake mna “chose” ya aliyekwisha kuchagua, “would choose” ya anayetamani, na “for me” iliyotupa kazi mwezi wa Januari. Sikuona sentensi nyingine katika mradi wote iliyobeba mambo mengi kiasi hicho katika mstari mmoja.

Kurudufu kutafanyika katika steshenari iliyo karibu na shule, kwa karatasi za kawaida zilizobanwa kwa pini, ili gharama iwe ndogo na ili tuweze kurekebisha kila mwaka. Mwalimu atakayekuwa zamu wakati wa likizo amekubali kuhakiki tahajia kwa mara ya mwisho, hasa pale “chose” na “choose” zinapokaribiana. Ukurasa wa rangi una gharama kubwa zaidi, kwa hiyo vipande vya “amenichagua” vitatenganishwa kwa mistari ya chini ya aina mbalimbali badala ya rangi, na ubao utafanya kazi iliyobaki. Kitenzi kitakachofuata katika muhula wa pili ni “decide”, kwa kuwa wanafunzi wameanza kukiuliza wenyewe, na karatasi za kukusanyia malighafi ya Kiswahili kuhusu “kuamua” na “kukata shauri” zitagawiwa wiki ya kwanza ya Julai.